Cheltenham na Aintree: twende, tubeti, au tuzisuse kabisa?

Mleta mada, Leicester

Wakuu, salaam. Kila Machi ikikaribia huku Uingereza, kwenye magrupu yetu unaanza ubishi uleule. Huyu anatafuta tiketi ya Cheltenham, yule anapanga mkeka wa kubeti, mwingine anatuma picha ya farasi aliyeanguka na kutuambia tuone aibu. Naomba safari hii tubishane kwa hoja. Je, ni sawa kwenda kwenye mashindano haya makubwa ya farasi wa kuruka vizuizi? Na ni sawa kubeti?

Kwa asiyezifuatilia: Cheltenham ni siku nne, mbio 28, saba kila siku. Ijumaa ndiyo Gold Cup, mbio yenyewe kubwa, zaidi ya kilomita tano na vizuizi 22. Aprili inakuja Grand National pale Aintree, Liverpool, karibu kilomita saba na vizuizi 30.

Mimi nakwenda, na sioni haya kusema hivyo. Simama karibu na kizuizi cha mwisho pale Cheltenham. Kishindo unakisikia kabla hujaona kitu. Kisha wanatokea, fito za kizuizi zinapukutika, joki, yaani mpanda farasi, anamwita farasi wake kwa sauti kama anamwita mtu. Baada ya hapo ni mlima mpaka kwenye mstari, na hapo ndipo farasi aliyekuwa anaongoza huonekana kama ameishiwa ghafla, wa nyuma wanamfikia mmoja mmoja. Na ni mchezo ambao mwanamke na mwanamume wanashindana bila kutenganishwa: Rachael Blackmore alishinda Grand National 2021 akiwa juu ya Minella Times, na mwaka uliofuata akachukua Gold Cup na A Plus Tard, mara zote mbili akiwa mwanamke wa kwanza.

Kinachonikera ni fedha inakotoka. Mbio za Uingereza zinalishwa kwa kiasi kikubwa na tozo wanayolipa wenye kampuni za kubeti. Tozo yenyewe ni asilimia 10 ya faida yao ghafi kwenye mbio za hapa, kwa kampuni inayovuka pauni 500,000. Faida ghafi maana yake ni dau zote zilizoingia, ukiondoa walicholipwa walioshinda. Kwa maneno mengine, ni kile tulichopoteza sisi. Tukipoteza zaidi, mchezo unapata zaidi. Tukishinda, mchezo unapungukiwa. Ndiyo maana hamtasikia viongozi wa mbio wakilalamika kwa nguvu kwamba mtu akishinda mfululizo akaunti yake inabanwa mpaka anaruhusiwa kuweka pauni mbili tatu tu, wakati anayepoteza kila wiki anatumiwa dau la bure kwenye simu.

Msimamo wangu basi: tiketi nunua, kelele piga, lakini mkeka acha mpaka tozo ibadilishwe, ihesabiwe kwenye dau zote badala ya hasara zetu. Karibuni.

Mdau, Birmingham

Mkuu, nakuheshimu ila hapa umepotea. Wazee waliotutangulia hapa wanakumbuka tozo ya dau zote ilivyokuwa. Kabla ya Oktoba 2001 ukienda dukani kubeti ulikuwa unakatwa peni 9 kwa kila pauni, ama kwenye dau ama kwenye ulichoshinda. Aliyeumia ni mteja mdogo. Kodi ile ilipofutwa watu walishangilia. Wewe unataka kuirudisha kwa jina jingine. Kampuni zitaishusha moja kwa moja kwenye odi tunazopewa, yaani viwango vya malipo ukishinda.

Tena tumechoka kuchungwa. Tangu Februari 2025, ukiweka mtandaoni zaidi ya pauni 150 ndani ya mwezi, ukiondoa ulizozitoa, kampuni inatakiwa kukuchunguza kama una dalili za matatizo ya fedha. Mimi naendesha basi, nalipa kodi yangu, nalea. Anayeuza pombe hanihoji ninakunywa chupa ngapi kwa mwezi. Nikitenga pauni 20 kwa kila siku ya Cheltenham, hiyo ni starehe yangu, kama mwingine alivyo na tiketi yake ya mpira.

Mdau, Bristol

Mnazungumza fedha tu. Naomba tuzungumze farasi.

Grand National ya 2023, Hill Sixteen alikufa kwenye kizuizi cha kwanza kabisa. Siku hiyohiyo waandamanaji waliingia uwanjani, mbio zikachelewa, watu 118 wakakamatwa, na magrupuni humu walitukanwa kwamba ni wahuni. Oktoba mwaka huohuo yakatangazwa mabadiliko: farasi wapunguzwe kutoka 40 hadi 34, kizuizi cha kwanza kisogezwe karibu na mahali pa kuanzia ili wasikifikie kwa kasi kubwa, kizuizi cha 11 kishushwe. Mwaka 2024 hakuna farasi hata mmoja aliyeanguka. Yaani yaliwezekana siku zote.

Halafu angalieni hili la rangi. Miaka na miaka mbao za kwenye vizuizi zilipakwa rangi ya machungwa. Farasi haioni rangi hiyo vizuri, kwake inachanganyika na kijani cha majani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter ulipochunguza macho ya farasi, ndipo ikaamuliwa kutumia nyeupe, na zilianza kubadilishwa 2022. Mchezo wenye miaka karibu mia mbili! Grand National ya kwanza rasmi ilikuwa 1839. Na bado walichagua rangi ya kufaa macho ya binadamu.

Na 2025 Celebre d'Allen, farasi wa miaka 13, alianguka chini hoi baada ya kizuizi cha mwisho na akafa siku chache baadaye. Mimi siendi, na nawaomba msiende. Kiti kitupu wanakisikia kuliko maneno yetu.

Mdau, Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naona mmeruka suala la dini na wengi humu ni Waislamu.

Mbio za farasi zenyewe hazina ubaya kwetu. Iko hadithi mashuhuri: hapana zawadi ya mashindano isipokuwa kwa mshale, ngamia au farasi. Anayeshindana na farasi wake akapewa zawadi, hiyo ina nafasi yake. Lakini aliyekaa jukwaani na kuweka fedha yake kwa farasi wa mtu, hiyo ni maisiri, yaani kamari, na Surat al-Maida aya ya 90 imeiweka pamoja na pombe. Hapo hakuna cha pauni 20 wala 200.

Nawaongezea moja la kidunia. Kule Dubai kuna Dubai World Cup tangu 1996. Ni mbio za uwanja tambarare, hawaruki, nalijua hilo. Lakini uwanjani Meydan kwa miaka mingi hakukuwa na kubeti, na watu walijaa. Kwa hiyo anayesema bila kamari mbio zitakufa, ana mfano wa kumpinga.

Mdau, Manchester

Shehe, heshima yako, ila Dubai analipa mtawala. Huku Uingereza kuna mkulima mwenye farasi mmoja na kundi la marafiki kumi waliochangia kununua mwingine. Nani atawalipia zawadi?

Mdau, Gloucester

Mimi nimefanya kazi Cheltenham kupitia wakala, kwenye mahema ya wageni, mwaka hadi mwaka, kwa hiyo naongea nilichokiona. Saa tano asubuhi watu wamependeza, suti za sufu, kofia, wanataniana na sisi, bakshishi ipo. Ikifika mbio ya sita chini kumejaa karatasi za mikeka zilizochanwa na tunazifagia pamoja na vikombe. Hilo silo linalonisumbua. Mtu aliyekuja na noti mfukoni, zikiisha anarudi nyumbani. Wanaonisumbua ni wa simu. Kuna kijana alikuwa ameinamia simu mchana kutwa, farasi wanapita hatua chache mbele yake hata hainui kichwa, kumbe yuko kwenye sloti, zile mashine za kamari za kwenye simu, za kampuni ileile aliyobetia farasi. Aliniomba chaja mara tatu.

Na bei? Painti ya bia ya Guinness 2025 ilikuwa pauni 7.80. Watazamaji walikuwa 280,627 mwaka 2022, wakashuka mpaka 218,839 mwaka 2025. Dada wa Bristol anasema viti vitupu vinasikika. Vimeanza kusikika, ila sababu kubwa ni mfuko.

Mleta mada, Leicester

Ahsanteni sana, nimejifunza.

Kaka wa Birmingham, peni 9 naikubali, ile ilikuwa mzigo. Lakini huko juu umesema wewe ni wa pauni 20 kwa siku. Uchunguzi wa pauni 150 haukugusi hata ukibeti siku zote nne na kupoteza zote. Utakuwa umepoteza pauni 80 tu. Wanaopiga kelele kubwa ni wa dau kubwa, na kampuni zinajificha nyuma yako. Ona lilivyokwenda: tarehe 10 Septemba 2025 mbio zilisimamishwa nchi nzima kupinga mpango wa kupandisha kodi ya kubeti, na bajeti ya Novemba ikaiacha kodi ya kubeti mbio kwenye asilimia 15 huku kubeti michezo mingine mtandaoni kukipangiwa 25 kuanzia Aprili 2027. Serikali imewapa nafuu kwa kuamini kwamba farasi ni tofauti na sloti. Aliyoyaeleza wa Gloucester yanaonyesha kwamba kwenye simu havitofautishwi: farasi ndiye mlango, sloti ziko chumba cha pili.

Wa Manchester, jibu lako liko Ufaransa. Auteuil, Paris, kila Mei kuna Grand Steeple-Chase de Paris, kilomita sita. Kule wanabeti kupitia PMU, chombo cha vyama vya mbio wenyewe. Dau zinawekwa kwenye kapu moja, chombo kinakata sehemu yake, zinazobaki wanagawana walioshinda. Ukishinda umewashinda wenzako, chombo hakina sababu ya kukufungia akaunti. Makato ni makubwa, hilo ni kweli, na odi huzijui mpaka dakika ya mwisho. Lakini mkulima wako wa farasi mmoja analipwa, na hakuna anayeombea mteja apoteze.

Shehe wa Muscat, upande wa haramu sina ubishi na wewe.

Wa Bristol, kwa Aintree nakubaliana na wewe kuliko unavyodhani: 34 bado ni wengi kwa njia ile, na farasi wa miaka 13 asingepangwa. Cheltenham nitakwenda. Anayepinga mfumo wa kapu moja alete hesabu yake hapa, hasa Birmingham: kwenye pauni 20 zako, kampuni inabaki na ngapi sasa, na kapu lingebaki na ngapi?