Ovadrafti ya pauni 1,850 baada ya kumaliza chuo: nianzie wapi?

Mhitimu wa Leicester

Assalam alaykum ndugu zangu. Nilimaliza shahada hapa Leicester mwezi wa Julai, na tangu Septemba ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, ambako baada ya makato yote ninapokea pauni 1,720 kwa mwezi. Ninakaa kwa wazazi wangu na kuwachangia pauni 350, bibi yangu aliyeko Tanga namtumia 100, na bima ya gari peke yake inanila 160.

Tatizo langu ni ovadrafti ya akaunti ya mwanafunzi. Benki iliniruhusu kutoa hadi pauni 2,000 zaidi ya fedha nilizonazo bila kunitoza riba, nami kwa miaka mitatu niliizoea ruhusa ile mpaka nikaihesabu kuwa fedha yangu. Sasa nadaiwa pauni 1,850. Barua ya benki inasema kwamba akaunti imekuwa ya mhitimu, kwamba kiasi kisichotozwa riba kitabaki pauni 2,000 hadi Septemba ijayo, kisha kitashuka hadi 1,000, na mwaka unaofuata hakitakuwapo tena.

Mshahara ukiingia tarehe 28, simu yangu huonyesha kwamba nadaiwa pauni 130 tu, nami hupumua. Ikifika tarehe 20 ya mwezi unaofuata, deni limerudi pale pale kwenye 1,800 na ushei. Mishahara mitatu sasa imepita hivyo. Mama ananihimiza nikope mahali pengine nimalize yote kwa mkupuo kabla riba haijaanza. Je, ni sawa? Na je, deni hili ni sehemu ya ule mkopo wa ada unaokatwa kazini?

Niliyewahi kukaa dirishani

Waalaykum salaam, dada yangu. Nilifanya kazi ya benki hapa Uingereza kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu vijana wengi hulichanganya jambo hilo. Mkopo wa ada ni wa serikali. Ukatwaji wake hutegemea kipato: hukatwa asilimia 9 ya kile tu kinachozidi kiwango kilichowekwa, na ukikosa kazi hukatwi kitu. Ovadrafti ni deni lako kwa benki, na kwa kawaida mkataba wake unaipa benki haki ya kulidai lote wakati wowote, ingawa kwa mhitimu anayeingiza mshahara na kufuata masharti, ni nadra benki kufanya hivyo ghafla.

Tangu Aprili 2020 msimamizi wa huduma za fedha, yaani FCA, alizizuia benki kutoza ada za kila siku kwa ovadrafti, zikabaki na riba peke yake. Benki nyingi zikapandisha riba hiyo hadi karibu asilimia 40 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, pauni 1,000 zikibaki nje ya kiasi kisichotozwa riba utalipa takriban pauni 28 kila mwezi, na deni lenyewe halijapungua hata pauni moja. Ndiyo maana mkopo wa kulipia deni ambalo leo halina riba nauona ni hasara tupu: utakuwa umeianzisha mapema riba ileile unayoikimbia. Mikopo ya haraka ya kusubiria mshahara usiiguse kabisa, kwa kuwa sheria inaruhusu itozwe hadi asilimia 0.8 kwa siku.

Una mishahara tisa kabla ya Septemba. Ukilipa pauni 100 kila mwezi utafika 950, nawe utakuwa chini ya kikomo kipya. Kila mwezi ukishalipa, iombe benki ishushe kikomo kwa kiasi hicho hicho, ili usiweze kurudi ulikotoka.

Mama wa Reading

Mwanangu, pole na hongera kwa shahada. Binti yangu alikuwa na shida hii hii, na kilichomtoa hakikuwa kujibana, maana alijibana mwaka mzima asione mabadiliko. Mshahara na deni vilikuwa vinakaa chungu kimoja, naye hakuweza kujua mwezi huu amelipa nini na amekula nini.

Tulifungua akaunti ya pili katika benki nyingine, ile ya kawaida isiyo na ovadrafti, na mshahara wote ukaelekezwa huko pamoja na makato ya simu, bima na nauli. Akaunti yenye deni ikabaki na kazi moja tu ya kupokea malipo yake siku moja baada ya mshahara, kwa agizo la kudumu ambalo benki hulitekeleza yenyewe. Nilimnunulia daftari dogo, tukaandika 1,600, mwezi uliofuata 1,480, kisha 1,360. Aliubandika ukurasa ule ndani ya mlango wa kabati lake. Kabla hujahama, soma masharti ya akaunti ya mhitimu, kwa sababu baadhi ya benki hutaka fedha ziingie kila mwezi ndipo zikuachie nafuu ile.

Ndugu aliyetangulia sikubaliani naye katika kushusha kikomo mapema. Kazi yako umeianza miezi mitatu tu iliyopita. Ikikatika, kikomo ulichokiachia huenda usirudishiwe. Weka kwanza akiba ya pauni 300 hivi, na usiiweke katika benki inayokudai, kwa maana sheria inaweza kuiruhusu ichukue akiba yako kufidia deni.

Niliyewahi kukaa dirishani

Mama amesema kweli kuhusu akiba, nami naliondoa shauri langu la kushusha kikomo hadi akiba hiyo ipatikane.

Mkazi wa Milton Keynes

Niongeze machache kuhusu wasiwasi wa mama yako, ambao nauheshimu. Kwa sasa unadaiwa kile kile ulichokitumia, bila nyongeza, na dawa ya deni ni kulipa. Mwonyeshe barua yenye tarehe, mkae naye mezani mhesabu pamoja, aone kwamba kuna njia ya kumaliza bila kugusa riba. Mambo yakiharibika, mashirika ya StepChange na National Debtline hutoa ushauri wa madeni bila malipo, na tangu Mei 2021 mtu wa England au Wales aliyeelemewa na madeni anaweza, kupitia mshauri, kuombewa siku 60 ambamo riba na ufuatiliaji husimamishwa kwa sehemu kubwa ya madeni yake. Na usishawishike kurudi nyumbani ukidhani deni litaishia uwanja wa ndege. Kumbukumbu ya kushindwa kulipa hukaa miaka 6 katika taarifa zako za mikopo.

Mhitimu wa Leicester

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Jana usiku tulikaa mezani na mama yangu, nikamfungulia barua, na aliposoma neno Septemba alitulia. Akaunti ya pili nimeshaiomba, na benki yangu imenijibu kwamba haina sharti la mshahara. Mama amenipunguzia mchango hadi pauni 300 mpaka nimalize deni, na bibi ataendelea kupata 100 zake. Nimepanga kulipa 140 kila tarehe 29, na kuweka 40 za akiba kando. Kwa hesabu hiyo Septemba nitakuwa nadaiwa 590, na Januari inayofuata nitakuwa nimemaliza. Daftari nimelinunua leo asubuhi; ukurasa wa kwanza umeandikwa 1,850.