Tiketi yasema Mombasa, mwashushwa Miritini! Mizigo yafikishwa bandarini, watu twatupwa njiani

Naandika sasa hivi nikiwa bado nina hasira, maana nikilala nikaamka nitaanza kuwa na adabu.

Juzi mamangu amerudi kutoka Nairobi kwa treni ya usiku, ile inayong'oka saa nne. Ana miaka sabini na moja, goti la kulia halikunjiki, na begi lake lina gurudumu moja lililokufa zamani. Nauli 1,500. Akashuka Miritini, penye stesheni mpya bara, nje ya kisiwa cha Mombasa, saa tisa na nusu usiku na dakika zake. Nilikuwa nimepanga kwenda kumpokea na gari la shemeji, gari likakataa kuwaka. Nikampigia simu: mama, chukua teksi, nitalipa ukifika hapa.

Teksi ya kwanza ikataka elfu tatu mpaka kwetu Kibokoni, Mji wa Kale kisiwani. Ya pili elfu mbili na mia tano, eti hiyo ni bei ya usiku na anamhurumia kwa vile ni mtu mzima. Mama kwa ukaidi wake akasema hawezi kutoka Nairobi kwa elfu moja na nusu halafu atoke Miritini kwa elfu mbili na nusu, pesa haziokotwi. Akakalia begi lake mpaka kukapambazuka. Akapanda matatu, matatu ikanasa kwenye foleni ya Changamwe, na nyumbani akafika saa mbili kasorobo na boksi la keki ya mjukuu limebonyea kama limekaliwa.

Haya pigeni hesabu. Nairobi mpaka Miritini, masaa matano na nusu. Miritini mpaka Kibokoni, zaidi ya manne.

Najua kuna mtu ameshaanza kunijibu kwamba Miritini ni kaunti ya Mombasa. Sawa bwana, na Mtongwe pia ni kaunti ya Mombasa, mbona hukuipeleka huko? Mtu akisema "naenda Mombasa" hamaanishi zaidi ya kilomita kumi nje ya kisiwa, kwenye barabara ambayo malori ya bandarini yamelala foleni.

Kinachoniuma ni kwamba hili jambo lilishawahi kutatuliwa. Reli ya kwanza ya kwenda bara ilianza kutandazwa hapa kwetu mwaka 1896. Kisiwa kilikuwa kimezungukwa na maji vilevile kama leo. Wakoloni hawakutupenda, walitaka bandari yao tu, na makuli karibu 2,500 kutoka Bara Hindi walikufa katika kazi ile. Lakini hawakufika ukingoni pale Makupa, kati ya bara na kisiwa, wakasema basi, abiria wavuke wenyewe. Mwaka ule ule wakapiga daraja la mbao la muda, baadaye likaja la chuma, Daraja la Salisbury. Reli ikafika Nairobi 1899, na 1901 ikagota Ziwa Victoria. Na hata kabla ya hapo, kulikuwa na vile vigari vya reli nyembamba mjini, upana wa sentimita 61, vijana wanavisukuma huku wanakimbia, mabwana wamekaa kitako chini ya kitambaa cha kivuli. Yaani zaidi ya miaka mia moja nyuma mtu alikuwa anapita mitaa ya Mombasa juu ya reli. Leo mimi nimo kwenye matatu, goti la abiria wa nyuma limo mgongoni mwangu.

Wadogo ambao hamkuiwahi stesheni ya zamani, ile ya mwisho wa Barabara ya Haile Selassie, niwaeleze ilivyokuwa, maana raha yake ilikuwa kwenye mpangilio wake. Hapakuwa na maajabu yoyote. Unashuka pale, unapita penye tiketi, hatua chache umefika, gari la moshi limesimama mbele yako. Hamali anachukua sanduku lako, mnapatana bei huku mnatembea. Jioni honi ikilia, mtaa wa jirani wa Mwembe Tayari wote unajua ni saa ngapi. Marehemu baba akisafiri tulikuwa tunamsindikiza kwa miguu, tumebeba mahamri kwenye kikapu, tunarudi kwa miguu kabla chai haijapoa. Ndani mle kulikuwa na yule bwana wa kupita na kengele ndogo kuwaita watu wa madaraja ya juu kwenye chakula; sisi wa daraja la tatu tulikuwa tunaisikia kengele tu. Ilichelewa, sikatai. Kufika Nairobi mchana wa siku ya pili hakukushangaza mtu. Lakini ilianzia mjini na ikarudi mjini.

Mwaka 2017 ile huduma ikafa, na tarehe 31 Mei mwaka huo huo ikazinduliwa reli mpya. Shilingi bilioni 327, nyingi zikiwa mkopo wa China, na mpaka leo kila mwenye jasho analipa. Tukajengewa stesheni ya Miritini: mnara katikati, majengo yamejizungusha kwa duara, eti ni mfano wa mawimbi ya bahari. Ni nzuri, wallahi ni nzuri. Ukiiona kwenye picha utadhani iko ufukweni. Mawimbi ya bahari, halafu bahari yenyewe huioni! Unakaribishwa na uwanja wa kuegesha magari, mabegi yanapangwa chini kwa mstari mbwa wayanuse, mashine inamulika, na kila hatua mama yangu anakokota lile gurudumu lililokufa.

Na hapa ndipo ninapotaka kupasuka. Reli yenyewe haikukomea hapo! Ya mizigo inaendelea mpaka Port Reitz, inaingia ndani ya bandari. Kontena la mitumba likitoka melini linapakiwa, linaondoka zake bila kuuliza bei ya teksi. Kwa hiyo msinidanganye kwamba kupita kulishindikana. Palipotakiwa pesa ya kontena, njia ilipatikana. Mamangu hana namba ya kontena.

Mtasema fidia. Mtasema kisiwa kimejaa, utabomoa mtaa wa Majengo wote? Ndivyo nilivyokuwa nikiamini hata mimi, mpaka nilipokwenda Dar kwenye harusi ya binamu.

Dar nayo imejaa, tena kutuzidi. Stesheni yao mpya iko katikati ya jiji, kando ya ile reli ya zamani, jengo la vioo limekatwa pembe pembe kama jiwe la tanzanite. Sasa wanaiita Stesheni ya Magufuli. Reli imeingiaje mjini? Imepandishwa juu! Imewekwa kwenye nguzo za zege, kama kilomita mbili na nusu hivi, magari na bajaji zinapita chini, treni inapita juu, hakuna anayemsubiri mwenzake. Nimekaa dirishani nikatazama mapaa ya mabati yanavyopita chini yangu, mtu anaanika nguo, mwingine anamfokea mtoto, na mimi huyo naelekea Pugu. Huduma ilianza Juni 2024 mpaka Morogoro, Julai ikafika Dodoma. Mpaka Morogoro nililipa shilingi elfu kumi na tatu zao. Nilitoka Kariakoo kwa bajaji, na pesa niliyolipa bajaji haikutosha kunipa hata soda hapa kwetu. Nao wana yao, umeme ukikatika treni inasimama, hiyo yao ya umeme hasa. Lakini ikisimama, inasimama ikiwa na watu waliopandia mjini.

Nilipotelemka zile ngazi za umeme nilimkumbuka mamangu, nikaona aibu kwa niaba ya watu ambao wala hawanijui.

Jambo lenyewe ni hilo tu. Ardhi ikiwa haba, unajenga juu. Treni ingepandishwa kwenye nguzo kutoka Changamwe, ivuke Makupa, ishushe watu pale pale penye stesheni ya zamani, ambapo ardhi ya reli ipo tangu enzi za mabibi zetu. Hakuna mjane ambaye angebomolewa jiko lake.

Sasa mniambie kuhusu ile kazi ya kuifufua reli ya zamani kati ya Miritini na mjini, na daraja la reli la Makupa. Nimeisikia, na siipingi. Lakini ielewe ni nini. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435, ya zamani ina milimita 1,000. Behewa la hii halikanyagi ile. Kwa hiyo dawa yenyewe ni kwamba mtu ashuke na mizigo yake, ahame stesheni, apande treni nyingine, ili afike pale ambapo treni moja ilikuwa inamfikisha tangu babu yake akiwa kijana. Tumekopa kuvunja, sasa tunatumia tena kuunga kilichovunjwa. Na treni hiyo ya pili itamngoja nani saa tisa na nusu usiku?

Mama ameshatoa fatwa yake. Mwezi ujao ana kliniki tena Nairobi, na anakwenda kwa basi. Nimemwambia basi linachosha, ni usiku kucha, na lile goti. Akanijibu, "Basi lanishusha Mwembe Tayari, mwanangu, na hapo nimefika kwetu."

Sasa mwenye kuniambia nina chuki na maendeleo aje, lakini kwanza anijibu hili: wewe umewahi kutoka Miritini saa tisa na nusu usiku ukafika Kibokoni kwa chini ya elfu moja? Ulipita wapi, na ulipanda nini?