Karavani, viwanda vya bia na marafiki wa zamani: siku moja tuipangeje?

Polepole_Ndio_Mwendo aliuliza:

Habari za saa hizi wadau. Tuko watano, tulisoma pamoja, sasa kila mtu ana mvi zake na vidonge vyake vya presha. Mmoja wetu ana karavani (trela ya kulala inayovutwa na gari) ya vitanda vinne (wa tano anakoroma, atalala kwenye hema). Tumekubaliana tukutane, tuzungukie viwanda vidogo vya bia vinavyopokea wageni, usiku tulale hapo hapo tutakapoegesha.

Mwenye karavani kashatuma ratiba: viwanda vinne, kuanzia saa tatu asubuhi, kila kimoja saa moja na nusu. Nimeisoma nikachoka kabla hata sijafunga begi. Mimi nataka siku ya kukaa na watu wangu, si ya kukimbizana.

Halafu kuna jambo jingine. Mmoja wetu aliacha pombe zamani, na wenzangu wamesema, "Basi huyo ndiye dereva, yameisha." Kuna kitu kinanikwaza hapo ila nakosa namna ya kuwaambia. Waliowahi kufanya safari ya aina hii, nisaidieni.

Nati_na_Bolti:

Viwili, basi. Cha tatu hata mkienda hamtakumbuka mlionja nini. Na pigeni simu kwanza, viwanda vidogo vingine mlango wa wageni unafunguliwa mwisho wa wiki tu.

Bibi_Trela:

Ndugu yangu, ratiba hiyo imeandikwa na mtu anayependa ratiba. Kwetu mimi ndiye ninayevuta karavani, mzee wangu kazi yake ni ramani na kulalamika, kwa hiyo nikwambie ninachokijua.

Karavani isiende kiwandani kabisa. Ua wa kiwanda kidogo umejaa mapipa, malori ya mizigo na watu wenye glasi mkononi, sasa wewe uanze kurudi nyuma na trela mbele yao! Tafuteni kambi iliyo karibu na kiwanda kimoja, umbali wa kutembea kwa miguu. Mkifika tu, wekeni vizuizi kwenye matairi, tenganisheni karavani na gari, pimeni kwa pimamaji iwe imelala sawa, kisha shusheni miguu ya pembeni. Hilo la kulala sawa si urembo. Kama friji yenu ni ile inayotumia gesi, ikiinama haipoozi vizuri. Kiwanda cha pili mwende kwa teksi. Mkifanya hivyo, swali la nani dereva linakufa lenyewe.

Maana hilo nalo limenikera. Mtu kutokunywa hakumfanyi kuwa dereva wa trela. Kuvuta ni kazi ya kujifunza. Vitu vizito vikae chini, usawa wa ekseli. Mkirundika nyuma kabisa, mkia unaanza kucheza mkikolea mwendo, na ukicheza unatoa mguu kwenye mafuta taratibu, unashika usukani bila kuupigapiga, hukanyagi breki kwa pupa. Sasa fikirieni: kreti moja la chupa 20 za nusu lita linakaribia kilo 20. Kila mtu akinunua lake na wote mkayatupia nyuma, mmemtengenezea mtu ajali. Na asipande mtu ndani ya karavani ikivutwa, nchi nyingi hilo ni kosa.

Anayevuta kesho yake asubuhi naye ajihesabie. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kileo. Mwili wa kawaida huondoa kama mililita 10 kwa saa, wengine chini ya hapo. Chupa nne za jioni zinataka muda wa saa kumi. Kahawa haiharakishi, kuoga maji baridi hakuharakishi. Anayevuta aache mapema, au msubiri mpaka mchana. Mna haraka gani?

Kimea_na_Chachu:

Nakubaliana na Bibi kuhusu viwili. Nafanya kazi kwenye matangi ya kiwanda cha bia, acha niongezee upande wa ndani.

Ukipiga simu usiulize tu mnafungua saa ngapi. Uliza siku gani wanapika. Siku ya kufungasha utaona chupa zikipita, utachoka baada ya dakika kumi. Siku ya kupika ndiyo siku yenyewe, na huanza mapema, kwa hiyo asubuhi hiyo nendeni kiwanda cha kwanza na muache cha pili kwa jioni ya kukaa tu. Mtakuta kimea kilichosagwa kinalowekwa kwenye maji ya nyuzijoto 65 hivi, kama saa moja, wanga unageuka sukari. Ombeni kuonja yale maji kabla ya kuchemshwa: matamu, mazito kidogo, hayana kileo hata tone, kwa hiyo hata mwenzenu asiyekunywa anaonja na ninyi. Tafuneni na punje. Kimea cheupe kina utamu wa biskuti, kile kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi kinakaribia kahawa. Wakiwapa maua ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu, yafikicheni viganjani mpaka ule unga wa njano unate, kisha mnuse. Mimi mpaka leo nafanya hivyo nikiwa peke yangu ghalani.

Swali zuri la kumuuliza mpishi ni hamira yao inatoka wapi. Emil Christian Hansen alitenga hamira safi ya aina moja pale maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1883, na tangu hapo viwanda vingi vinajua hasa kinachoingia tangini. Ila wapo wanaoacha bia ipoe usiku kucha kwenye sinia kubwa la wazi, hamira ya hewani ijiingilie yenyewe, kama wapika lambiki, bia chachu ya Ubelgiji, karibu na Brussels. Mpishi akiulizwa hilo, hamtamnyamazisha.

Vaeni viatu vya kufunika vidole, sakafu huwa na maji na mengine ni ya moto. Wala msichungulie ndani ya tangi. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, inatulia humo na haionekani.

Za kupeleka nyumbani: chupa zisipigwe jua dirishani mwa karavani. Mwanga unaharibu ile hopsi na bia inatoa harufu ya kicheche. Chupa za kahawia hukinga, za kijani hukinga kidogo tu, na nyeupe hazikingi kitu. Zenye mashapo chini zisimamisheni wima usiku kucha baada ya safari, la sivyo mtamimina matope.

Glasi_ya_Maji:

Kwenye kundi la rafiki zangu, mimi ndiye asiyekunywa, kwa hiyo nisemee upande huo. Kuna aliyeacha kwa sababu ya vidonge na kuna aliyeacha kwa sababu pombe ilimvunjia nyumba. Wa kwanza atafurahia kunusa na kutafuna hizo punje. Wa pili harufu ile inaweza kumpa siku mbaya, na mbele za watu atasema yuko sawa. Mpigie mkiwa wawili. Usimuulize "utaweza?", muulize angependa siku iwe vipi. Na huo udereva mnaompa kila mara, jua unachosha. Mtu anakuja kuwaona rafiki zake, anaishia kuangalia saa na kuhesabu vichwa.

Polepole_Ndio_Mwendo:

Ahsanteni sana wakubwa. Nimempigia jana usiku. Aliacha kwa ajili ya dawa, kiwandani anataka kuja, hasa hayo maji matamu ya asubuhi yamemvutia. Udereva alikuwa hajaambiwa na mtu. Na kumbe ana mtoto wa jicho, usiku haendeshi hata gari dogo, anasubiri upasuaji.

Kambi nimeipata, kiwanda cha kwanza tutatembea. Mwenye karavani amekubali viwili kwa shingo upande, ila tangu asubuhi ananitumia ramani ya cha tatu. Bibi_Trela, mzee wako mwenye ramani wanaweza kuelewana?