Tupeane uzoefu: daraja juu ya maji usiku, foto ya sekunde nyingi

Jambo bandugu wa Bukavu. Hapa tuweke mbinu za kupiga foto ya daraja usiku. Leta namba na useme kwa nini. Neno moja kwanza: daraja la Ruzizi ni mpaka wa Kongo na Rwanda. Ukisimamisha stendi pale bila ruhusa, usiku wako utaishia kwenye kujieleza.

Fundi wa Nguba: Tuanze na miguu ya stendi. Vuta kwanza sehemu nene za juu, zile nyembamba za chini ziwe za mwisho, na nguzo ya katikati usiipandishe. Ninginiza mfuko wa mawe kilo 2 au 3, lakini uguse chini kidogo. Mfuko ukibembea utaitikisa aparei (kamera) badala ya kuituliza. Zima kituliza-mtikiso cha lenzi, maana kwenye stendi kinaweza kuzaa mtikiso chenyewe. Tumia kicheleweshi, kile kinachongoja kidogo kabla ya kupiga: sekunde 2, au 10 kama stendi ni ya mashaka. Juu ya daraja lenyewe usisimame. Lori likipita, sakafu inacheza na taa zote zinatoka mbilimbili.

Mama Labotte: Muda wa foto haubahatishwi. Weka f/8 (tundu la lenzi; namba ikipanda, tundu linapungua), ISO 3200 (jinsi aparei inavyohisi nuru), jaribu sekunde 1. Ikikaa vizuri, shuka ISO 100: umepunguza mara 32, basi unahitaji sekunde 32, 30 zinatosha. Hivyo hungoji nusu dakika kila ukikosea. Kuhusu saa, kwetu karibu na ikweta giza linaanguka haraka. Jua linazama kama saa 12 jioni, na dakika 15 hadi 30 baadaye mbingu bado ni bluu huku taa zimeshawaka. Ukichelewa, mbingu ni masizi na umbo la daraja linamezwa. (Umeme ukikatika dakika hizo, funga begi uende kula.)

Kijana wa Kadutu: Yaya, nafunga mpaka f/22 ili taa zitoe nyota, lakini foto inalegea. Kosa ni nini?

Mama Labotte: Mdogo wangu, tundu likiwa dogo hivyo nuru inapinda ikipita, na ukali wote unapotea. Kwa f/11 nyota zinatoka tayari. Miale inafuata mabapa ya lenzi, vile vipande vinavyofunga tundu: mabapa 8 yanatoa miale 8, mabapa 7 yanatoa 14.

Fundi wa Nguba: Na ukiona vitaa vya kijani vinaelea angani, kinyume kabisa cha taa za kweli, ondoa filta ya kinga. Ni nuru inayorudi kati ya kioo cha filta na sensa, kile kibao kinachonasa picha ndani ya aparei.

Mvuvi wa Nuru: Maji sasa. Kwa sekunde 1 au 2 mawimbi yanatoka kama uji wenye mabonge. Kwa 15 hadi 30 yanalainika, na kila taa inashuka ziwani kama nguzo. Mtumbwi wenye taa ukikatiza, ziba lenzi kwa kofia nyeusi bila kuigusa, ungoje upite, kisha ongeza sekunde zile ulizoziba. Fokasi (kulenga ukali) isiachiwe aparei: weka fokasi ya mkono, kuza taa moja ya daraja kwenye skrini mara 10, halafu zungusha pete ya lenzi mpaka iwe nukta ndogo kabisa. Taa zikiungua nyeupe, piga ya pili ya sekunde 4 bila kusogeza kitu, uziunganishe kwenye kompyuta. Kwa kazi hiyo piga RAW, faili ghafi ya aparei.

Kijana wa Kadutu: Aksanti. Na wenye simu tu?

Mvuvi wa Nuru: Hali ya Pro (ile unayopanga namba mwenyewe), ISO 100, sekunde 8 au 10, simu imeegemezwa kwenye jiwe. Chomeka ekuta (visikilizio vya masikioni) za waya. Kwenye simu nyingi kitufe chake cha sauti kinapiga foto bila kuigusa simu. Waya uache ulegee. Na futa lenzi kwanza, mafuta ya kidole ndiyo yanayofanya kila taa iwe na mkia.