Kikumbusho cha kuinama kwenye kiti mwendo: sensa zikae wapi?

Fundi_Kihesa
Habarini wakuu. Nafunga kikumbusho kwenye kiti mwendo cha kijana aliyeumia uti wa mgongo, ili asipate vidonda vya mgandamizo. Hana hisia kuanzia kifuani kushuka, mikono ni mizima, ana kilo 68. Kiti ni cha kukunja, sehemu ya kukalia ni kitambaa, na juu yake kuna mto wa sponji wa sentimita 7. Nina ESP32 (kompyuta ndogo ya kuendesha kifaa) na sensa nne za FSR 402 (vibandiko vyembamba vinavyohisi mgandamizo). Nimepanga kuzibandika juu ya mto, palepale mifupa ya kukalia inapogusa, na mota ya mtetemo chini ya kiti iamke mgandamizo ukivuka kikomo. Kikomo niweke ngapi? Nimesoma mahali milimita 32 za zebaki.

Zuhura_Viti
Fundi, usiweke kitu chochote kati ya ngozi na mto. Kwa mtu asiyehisi, sensa, waya, hata mkunjo wa seloteipu unatosha kuanzisha kidonda. Hiyo 32 nayo achana nayo. Ilitokana na vipimo vya mtafiti Landis vya mwaka 1930 kwenye vishipa vya damu vya penye kucha za vidole vya mkono. Haisemi lolote kuhusu nyama inayobanwa kati ya mfupa na kiti. Mgandamizo mdogo ukikaa saa nyingi unaua nyama kama ule mkubwa wa muda mfupi, kwa hiyo kifaa chako kihesabu muda.

Ila kabla ya umeme, kiti. Kitambaa kikibonyea, mto unakunjika katikati na nyonga inalala upande. Weka ubao wa plaiwudi wa milimita 12 chini ya mto (uwe wa kutoka, ili kiti kiendelee kukunjika). Angalia pia vikanyagio vya miguu. Vikiwa juu mno, magoti yananyanyuka, mapaja yanaacha kubeba, na uzito wote unashukia mifupa miwili. Vishushe mpaka mapaja yalale juu ya mto.

Kisha pima kwa vidole, kama mafunzo ya viti ya Shirika la Afya Duniani yanavyoelekeza. Ainame mbele, ingiza ncha za vidole chini ya mfupa wa kukalia, kiganja kikitazama juu, halafu akae wima. Ukiweza kuchezesha ncha kwa milimita 5 au zaidi, mto unafaa. Hazichezi lakini zinatoka kwa urahisi: hilo ni onyo. Zimebanwa, kuzitoa ni kazi: mto huo ni hatari, hata ukiufungia sensa kumi. Pima kulia na kushoto. Ukifeli, tabaka la chini liwe sponji ngumu iliyochongwa bonde la mifupa ya kukalia, juu lije tabaka laini. Tafadhali usimkalishe kwenye pete ya mpira wa tairi. Ukingo wake unabana damu isifike katikati.

Mkondo_Mdogo
Naongezea upande wa umeme. FSR 402 hazifai hapa. Zikibebeshwa mzigo kwa muda mrefu, usomaji unatambaa wenyewe ingawa mtu hajasogea, na kwa uzito wa kukaliwa zinafika mwisho wa uwezo wao. Chukua seli (vipimia uzito) nne za mizani ya bafuni, za kilo 50 kila moja, uziweke kwenye pembe nne chini ya ubao. Kila seli ipate HX711 yake (kibao cha kukuza na kusoma ishara ya seli) na rezista mbili za kilo-omu 1 kukamilisha daraja, yaani sakiti ya kupimia. Ukiziunga zote kwenye HX711 moja utapata uzito wa jumla tu, na hutajua ameinamia wapi. Ulimi wa katikati wa seli lazima uwe na nafasi ya kupinda. Ukiigandisha bapa kwenye ubao haitasoma kitu.

Programu iwe na saa mbili za kuhesabu muda, ya kulia na ya kushoto, maana akiegemea kulia ni kushoto tu kunakopumzika. Anza na kikomo cha dakika 30. Saa irudi sifuri pale tu mzigo wa upande huo unaposhuka chini ya nusu ya kawaida na kubaki hivyo dakika 2 mfululizo. Akiinama mbele, seli mbili za nyuma ndizo zinazoshuka, na hapo saa zote mbili zinafutwa.

Mota chini ya kiti hataihisi! Iweke kwenye mfuko wa shati au mkanda wa mkononi. Iendeshe kwa transista na dayodi, usiichomeke moja kwa moja kwenye pini. Betri ya lithiamu usiiweke chini ya makalio kamwe. Ikae nyuma ya kiegemeo, ndani ya kiboksi kisichoingiza mkojo wala maji. Pawabanki nyingi hujizima mkondo ukiwa mdogo, na kikumbusho kinakufa kimya.

Zuhura_Viti
Hizo dakika 2 ni muhimu. Kujiinua kwa mikono sekunde chache hakurudishi damu vya kutosha, na kunachosha mabega. Afunge breki, vigurudumu vya mbele vielekee mbele kiti kisipinduke, kisha alaze kifua kuelekea mapajani au aegemee meza. Na seli zikiongeza kimo cha sentimita 2 au 3, vikanyagio virekebishwe tena.

Fundi_Kihesa
Asante sana. Akipata mto wa hewa je? Anasafiri Iringa na Dar.

Zuhura_Viti
Akipanda Iringa hewa inatanuka, mto unakuwa mgumu na mifupa haizami. Akishuka Dar unanywea, anagota ubao. Kila anapofika apime upya: kati ya mfupa na ubao ibaki sentimita 1.3 hadi 2.5.

Ngozi ikaguliwe asubuhi na jioni kwa kioo au kamera ya simu, mpaka kwenye kifandugu. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta doa lililokolea au la zambarau, kisha gusa ulinganishe na pembeni: joto, ugumu, au ulaini wa kubonyea. Doa lisilofifia ndani ya nusu saa, asilikalie wala asikandwe, na muuguzi alione.