Baba mdogo anaendesha lori na gomba (mirungi) mdomoni, nifanyeje?

Utingo wa Chamwino:
Wakuu, naomba ushauri wa busara, hili jambo limenikaa kooni. Dereva wangu ni baba mdogo, ndiye aliyenitoa kijijini akaniombea kazi kwa tajiri. Tunapeleka mizigo Rusumo, mpakani na Rwanda. Zamani alikuwa anakula mirungi kidogo tukikaribia Singida. Siku hizi tukitoka tu mizani ya Nala anafungua mfuko, jojo pembeni, anatafuna mpaka kunakucha.

Wiki iliyopita, saa tisa usiku, tumeshapita Manyoni, nikasikia tairi za kushoto ziko kwenye kokoto. Namgeukia: macho kayakodoa, mkono uko kwenye gia, shavu limejaa, ila hatafuni. Nikampigia kelele, akashtuka, akairudisha gari barabarani. Basi likatupita hapo hapo. Hakusema neno mpaka Singida.

Nikimsema kwa tajiri atafukuzwa, na ana watoto wanne.

Dereva mstaafu:
Pole sana kijana. Nimekula gomba miaka 11 kwenye njia hiyo hiyo. Halimalizi uchovu, linauficha tu. Stimu ikikata, mara nyingi alfajiri, unalala macho wazi kama ulivyomwona. Kwa mwendo wa 80 lori linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu tu, ni zaidi ya mita 60 gari haina dereva. Mwenzangu aliondoka hivyo kwenye mteremko wa Sekenke. Tulimtoa kwa kukata bati.

Mgogo halisi:
Piga 119, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mirungi ni kosa kisheria hapa kwetu, asikwambie ni majani tu. Na usitegemee trafiki, kile kipimo cha kupuliza kinaona pombe peke yake.

Mama Neema, nesi:
Mdogo wangu, anza na familia, maana akienda kutibiwa mwenyewe ni tofauti na akikamatwa. Hapa Dodoma kuna hospitali ya Mirembe, wanahudumia waraibu. Ila zingatia hili: aliyekula muda mrefu akiacha ghafla, siku za mwanzo anakuwa na usingizi mzito na unyonge. Siku hizo asiguse usukani kabisa, hata kwa safari fupi.

Dereva mstaafu:
Nesi kasema kweli. Halafu muulize tajiri anampa siku ngapi kwenda na kurudi. Mimi nilikuwa napewa siku ambazo ukilala hazitoshi, ndiyo nikaanza kutafuna. Hilo nalo mkalizungumze, msimbebeshe mzee peke yake.

Utingo wa Chamwino:
Asanteni sana. Nimempigia mama mdogo, kumbe anajua siku nyingi, amelia sana kwenye simu. Kesho jioni tunakaa kwa babu, na baba mdogo ameitwa. Ya ratiba nitayasema mimi mwenyewe mbele yake. Mzigo unapakiwa Jumatatu. Nimeshamwambia mama mdogo, kama hatulali Manyoni, mimi sipandi, na baba mdogo nitamwomba asipande.