Tupeane uzoefu: juu ya karo la choo uani kwako umeweka nini?

Wakuu salaam. Mie niko Kange hapa Tanga, naanza na yangu halafu na nyie mmwage yenu kabla masika hayajakolea.

Tulipohamia uani palikuwa mchanga mtupu, waifu akasema wageni wakija wanaingiza tope ndani, tukaita fundi akatandaza pevingi kutoka geti mpaka jikoni, nyekundu na kijivu, pakapendeza kweli. Kumbe mfuniko wa karo kaufukia humohumo chini, na chemba zote mbili, vile vishimo vya kukagulia bomba. Mwaka wa pili, siku mbili kabla ya Idi, nyumba imejaa wakwe, choo kikagoma kushuka. Gari la majitaka likaja, jamaa kashusha mpira anauliza mfuniko uko wapi, tunatazamana. Fundi simu haipatikani. Tukabandua pevingi sehemu tatu kama tunatafuta rupia za Mjerumani, ya tatu ndo tukagonga zege likaitika. Mama mkwe muda wote kakaa barazani, khanga puani, hasemi kitu, na hilo ndo liliniuma kuliko hela.

Haya, nyie?

Mzawa wa Duga:
Yako nafuu mkuu. Mie nilikuta mwarobaini mita kama mbili toka kwenye karo, kivuli safi, jioni tunanywea kahawa na kashata pale. Choo kikaanza kushuka kwa kusitasita, tunamwaga dawa za kuzibulia, wapi. Kufungua chemba, mizizi imeingia kwenye maungio ya bomba imesokotana kama singa za mkonge, tulivuta kitu kirefu kunishinda mimi. Maungio yalikuwa yamepakwa sementi tu, ikapata ufa mdogo mzizi ukanusa maji, basi. Mti tukakata huku roho inauma, na bado kisiki kikachipua tena, mwarobaini sio waja leo waondoka leo.

Fuso Limenikomesha:
Mikanjuni. Fuso la mchanga lilirudi nyuma usiku likapanda slabu ya sokawei, lile shimo la kunywea maji ya karo. Tairi la nyuma likazama lote. Sitaki kuongea zaidi.

Bi Asumini:
Hodi wanangu. Mie wa Sahare. Juu ya sokawei nilipanda mchicha, ukanona majani kama sahani, nagawa mpaka nyumba ya nne. Binti yangu nesi akaja likizo akauliza, mama hiki kitalu kiko juu ya nini? Kang'oa wote siku ileile! Eti maji yale bado yana vijidudu na mayai ya minyoo, mvua ikirusha udongo kwenye majani ndo mnakula hivyo. Nilinuna wiki nzima wallahi, nikikumbuka nyumba ya nne. Sasa pale kuna ukoka, na asumini nimeipanda kwenye ndoo, jioni harufu yake utasahau chini kuna nini. Mchicha umehamia upande wa pili wa nyumba.

Mzawa wa Duga:
Mama shikamoo, na migomba je? Huku wanasema inakunywa maji.

Bi Asumini:
Marahaba mwanangu. Ninayo, ila iko hatua kumi kutoka pale. Fundi kama yumo atusemee.

Fundi Shimo:
Nimo. Sikilizeni, karo lenyewe ni boksi lisilotakiwa kuvuja, uchafu mzito unatuama chini, mafuta na povu yanaelea, maji ya katikati ndo yanaenda sokawei, na huko kuta zinaachwa na matundu ili ardhi inywe. Sasa juu mnaziba kwa zege, mnapaki na magari udongo unashindiliwa, atakunywa nani? Ukoka ndo rafiki, mizizi yake haisumbui na unafyonza unyevu, ila usiumwagie mpira kila siku, na maji ya bati yapelekeni kwingine. Migomba sio mbaya, isikae tu juu ya karo wala bomba. Kwa bi mkubwa Sahare masika maji ya ardhini yako juu, shimo refu linajaa lenyewe kabla hujaenda chooni, bora fupi na pana. Kange ni mawe ya chokaa yenye nyufa, maji yanapotea unafurahi, kumbe yanaelekea kisima cha jirani, kwa hiyo sokawei na kisima viachane angalau mita 30, na kwenye nyufa kama hizo zaidi ya hapo.

Mwenye uzi:
Fundi ungekuwa wewe kwangu... Mie pevingi za pale juu nimetoa zote, nikapanda ukoka, mfuniko uko wazi na chungu kidogo cha mshubiri juu yake, mtu mmoja anakisogeza. Vipimo nimeandika nyuma ya mlango wa stoo, hatua nne toka kona ya jiko kuelekea mnazi, moja na nusu kushoto. Mama mkwe kaja juzi, kaangalia, kauliza tu, "Hicho chungu ndo hapo?"

Fuso Limenikomesha:
Mkuu huo ukoka ulinunua kwa kiroba au ulichuma tu barabarani?